Kwanza Uliza Nani Aligusa Hapa

Gari lenye miaka thelathini haliharibiki kama gari jipya. Jipya likisumbua, mara nyingi kuna kitu kimoja kimekufa, kibadilishe, twende. La zamani linabeba mikono yote iliyopita juu yake. Kila aliyelimiliki kabla yako aliwahi kukwama mahali, akaita fundi, akatamka yale maneno ya mwenye haraka: "Fundi, fanya itembee kwanza." Likatembea. Waya uliofungwa kwa kipande cha mfuko wa nailoni ukabaki vile vile, gari likauzwa, aliyeuziwa naye akakwama kwake na kuongezewa wa kwake. Siku linapokufikia wewe, nusu ya unachokiita ubovu ni matengenezo ya watu.

Langu ni Toyota Corolla 100 ya mwaka 1994, injini ya 5A, ile ya cc 1500. Nafanya biashara ya asali: naifuata Sikonge, Urambo, wakati mwingine Kaliua, naileta Tabora mjini. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali inakaribia kilo 28, kwa hiyo gari langu halijui safari nyepesi. Mafundi wa mjini wananijua nami nawajua, na wengi wao wana mikono mizuri kuliko yangu. Ila mteja akifika na presha anataka kusikia jina la spea, na fundi naye anamtajia. Kupima kunakula muda, na muda wa kupima hakuna anayeulipia.

Mita ya umeme nilianza kwa kuazima kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu, Isevya, mstaafu wa reli aliyezoea injini za treni. Nikamwamkia, akanipa mita, akatoka nayo mwenyewe mpaka kwenye gari kwa sababu hakuniamini nayo. Hakupima kitu. Aliinama tu, akawa anaangalia nati. "Mwanangu, usiulize kimeharibika nini. Uliza nani aligusa hapa." Nati yenye vumbi lake la miaka na pembe zake sita kamili haijaguswa tangu kiwandani, au imeguswa na mtu mwenye adabu. Nati iliyomeguka pembe imepitiwa na spana isiyo saizi yake, na gasketi (kile kizibo chembamba cha kuzuia uvujaji) iliyopakwa gundi ikavimba pembeni imefungwa na mtu aliyekuwa akiitafuta jioni yake. Pa kuanzia ni hapo. Tangu siku hiyo nikifungua boneti naangalia mikono kwanza, ubovu baadaye.

Sasa kuchemsha, maana ndiyo hofu kubwa ya wenye magari huku kwetu, hasa Septemba na Oktoba kabla mvua hazijashuka.

Watu wengi hawajui kwamba Tabora iko juu. Tuko kama mita 1200 kutoka usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayasubiri 100. Injini yangu imeundwa ili thamostati, valvu inayoyafungulia maji njia ya kwenda kupozwa, ianze kufunguka kwenye nyuzi 82 na feni ya rejeta, pale maji yanapopozwa, iwake kwenye 93. Hesabu mwenyewe: feni inapoanza kazi, maji yamebakiza nyuzi tatu tu yachemke. Kinachookoa ni mfuniko wa rejeta. Mfuniko mzima unabana presha mpaka karibu baa 0.9, namba imeandikwa juu yake, na kwa presha hiyo maji yanavuka nyuzi 110 bila kuchemka. Mpira wake ukikauka au springi ikilegea, presha haipandi, maji yanatokota na kukimbilia kwenye kopo la pembeni, nawe unaambiwa silinda hedi, kile kichwa cha injini, imepinda. Mfuniko ndiyo spea rahisi kuliko zote katika mfumo mzima wa maji, na ndiyo ya mwisho kutajwa.

Corolla hii ilinijia haina thamostati, na feni imeungwa moja kwa moja kwenye swichi ndogo chini ya dashibodi, kama swichi ya taa ya chumbani. Fundi mmoja alinionyesha swichi hiyo kwa fahari. "Dada, thamostati ni mambo ya nchi za baridi. Huku tunatoa."

Thamostati haihusiani na baridi ya Ulaya. Kazi yake ni kuyazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake, kisha kuyaachia taratibu. Ukiitoa, kwenye lami ya Sikonge unakwenda kasi, upepo unapiga rejeta, injini haipati moto kamili safari nzima. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inaisoma kuwa bado ni ya baridi, inaongeza petroli. Petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda. Unalia matumizi ya mafuta, unaambiwa ubadilishe plagi. Halafu ukiingia njia ya vumbi kuelekea kwa warina asali, mwendo mdogo, ndoo zimejaa nyuma, linachemsha pale pale, kwa sababu lililokuwa linachemsha mwanzo halikushughulikiwa. Rejeta ilikuwa imeziba. Mbegu za nyasi, vumbi na mabawa ya wadudu vilikuwa vimeshonana kwenye mapezi yake mpaka mwanga haukupita.

Rejeta ioshwe kwa maji yanayotoka upande wa injini kwenda mbele, uchafu utoke ulikoingilia. Ukipiga maji kwa mbele unaushindilia. Na usitumie presha kali ya kuoshea magari, mapezi yanalala.

Ile feni ilinifurahisha zaidi, kwa maana ilikuwa na hadithi. Kwenye Corolla hizi, swichi ya joto iliyo kwenye njia ya maji hukaa imeunganisha umeme maji yakiwa baridi na kuukata yakipata moto. Ikikata tu, feni inawaka. Waliounda walifikiria: waya ukikatika, feni itazunguka muda wote na injini haitaungua. Kwa hiyo kipimo chake ni rahisi ajabu. Washa ufunguo bila kupiga stata, chomoa soketi ya swichi hiyo, sikiliza. Feni ikizunguka, mota, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) na fyuzi ni vizima. Kwangu soketi ilikuwa imevunjika mdomo, waya umechomoka. Nikaona picha yote: zamani za mtu mwingine feni ilianza kuzunguka bila kusimama, fundi akadhani rilei imekwama, akaitupa, akavuta waya mpya mpaka kwenye dashibodi. Soketi ya mtumba ikapatikana, rilei ikarudishwa mahali pake, ile swichi ya chumbani ikaondoka na waya wake wote mwekundu, na feni ikaanza kujiwasha na kujizima yenyewe.

Thamostati mpya niliipima jikoni kabla haijafungwa, maana si kila kilicho kwenye boksi ni kizima. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, yapashe moto. Inatakiwa ianze kufunguka kabla maji hayajachemka, na ikitolewa ijifunge. Sufuria iwe ya kutupwa kama thamostati imewahi kutumika. Maji ya rangi ya rejeta ni sumu, hayarudi kwenye ugali.

Kuhusu gasketi ya silinda hedi, ambayo kila anayechemsha anaambiwa imekwenda: kuna njia za kujua kabla hujalipa mtu afungue. Asubuhi gari likiwa baridi kabisa, na baridi tu, usijaribu moto, fungua mfuniko wa rejeta, washa, tazama. Mapovu yanayokuja mfululizo bila kukoma, hata baada ya hewa iliyonaswa kutoka, ni ya moshi wa silinda. Au funga mfuniko, washa, shika hosi ya juu: ikiwa ngumu kama fimbo ndani ya dakika moja wakati maji bado ni baridi, presha hiyo haikuletwa na joto. Tazama pia chini ya kifuniko cha oili. Rangi ya chai ya maziwa ni habari mbaya, ingawa utando mwembamba wa hapo juu tu kwa gari la safari fupi fupi unaweza kuwa mvuke. Dalili zote zikikosekana, mwambie fundi asubiri.

Umeme sasa. Hapa ndipo pesa za wenye magari ya zamani zinapopotelea.

Ilifika wakati Corolla ikipigwa stata inasema "tak" na kunyamaza. Ukirudia, tak. Ukingoja kidogo, inawaka kama hakuna kilichotokea. Niliambiwa stata, nikaambiwa betri, nikaambiwa vyote viwili. Nikashika mita. Betri iliyolala usiku mzima ikisoma volti 12.6 imeshiba, ikiwa chini ya 12.2 ina njaa. Wakati wa kupiga stata inashuka, lakini isishuke chini ya 9.6 hivi. Yangu ilisoma 12.5, na wakati wa tak ikabaki juu ya 12. Hapo ndipo wengi wanaporukia stata, kwa kuwa betri imethibitika ni nzima. Subiri kwanza. Betri isiposhuka kabisa, maana yake umeme hautoki. Kuna mlango umefungwa njiani, na njia ni mbili: ya kwenda na ya kurudi.

Njia ya kurudi ni waya wa ethi, ule mnene mweusi kutoka betri kwenda kwenye bodi na injini. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri yenyewe, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, mtu apige stata. Ikisoma chini ya nusu volti, sawa. Yangu ilisoma volti kadhaa. Kama huna mita kuna kipimo cha watu wa barabarani: chukua waya wa kuboosti, ng'ata hasi ya betri upande mmoja na chuma cha injini upande wa pili, kisha piga stata. Gari likiwaka kwa furaha, stata yako haina kosa. Bolti ya ethi ilikuwa imefungwa juu ya rangi. Gari liliwahi kunyooshwa bodi na kupigwa rangi, na aliyerudisha bolti hakukwangua. Msasa, bolti safi, grisi kidogo juu kuzuia kutu, na stata ile ile ya siku zote ikaamka.

Ningeweza kulijua hilo mapema bila mita, na huwa nawaambia wenzangu waangalie: ukiwasha taa kubwa usiku, mshale wa joto ukipanda ghafla na taa zikizimwa ukashuka, maji hayana tatizo. Injini haiwezi kupata moto kwa sekunde moja. Ethi ndiyo inayodanganya geji.

Alteneta ina kipimo chake na hakihitaji kufumua kitu. Injini ikiwa inazunguka, kwenye betri isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na inazidi kushuka, haichaji. Na tafadhali, ule mtindo wa kuchomoa waya wa betri gari likiwa linawaka ili kuona kama litazima, achana nao. Volti zinaruka, kontroli boksi inaungua, na sasa una tatizo ambalo hukuwa nalo.

Fyuzi nazo zifunguliwe zote mara moja ununuapo gari la zamani. Yangu moja ilikuwa kipande cha waya wa shaba. Fyuzi iliungua kwa sababu fulani, sababu ikaachwa, mlinzi akafukuzwa. Nilipoweka fyuzi halisi iliungua siku hiyo hiyo, na nilifurahi, maana sasa kulikuwa na kitu cha kufuata: waya wa taa ya nyuma ulikuwa umechubuka kwenye bawaba ya buti, unagusa chuma kila buti linapofungwa. Ndoo za asali zilikuwa zimeufunika.

Kumisi, yaani silinda kukosa kuwaka, kunaogopesha kuliko kulivyo. Injini ya distribyuta (kigawa umeme wa plagi) kama hii ina waya za plagi nne, na mfuatano wa kuwaka ni 1, 3, 4, 2; mtu akirudisha waya vibaya itatikisika kama ina homa. Kama mfuatano uko sawa, subiri giza, fungua boneti injini ikiwa inazunguka, zima taa. Waya uliopasuka utauona ukirusha cheche za buluu kwenda kwenye chuma. Ukitaka kujua silinda gani imelala, chomoa soketi za nozeli, zile zinazopuliza petroli, moja baada ya nyingine: injini ikibadilika mlio, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi, isipobadilika, umempata mlalaji. Wengine huchomoa waya za plagi kwa mkono. Anayefanya hivyo hurudia mara chache.

Yangu ilikuwa silinda ya tatu, na nilipovuta waya ulitoka umelowa oili. Injini hizi plagi zake zimezama kwenye mashimo yanayopita katikati ya mfuniko wa juu, na kila shimo lina sili ya mpira. Zikikauka, oili inajaa shimoni, umeme unakimbilia pembeni. Kabla yangu kuna aliyekuwa akibadilisha plagi tu. Nilikuta zilizotumika tatu kwenye buti, bado nzuri. Gasketi ya mfuniko na sili zake nne zinabadilishwa pamoja, na mfuniko ufungwe kwa mkono mwepesi. Gundi isipakwe kote kama siagi.

Kigoma nilikwenda kumwona dada, na shemeji alikuwa na Carina ya umri ule ule iliyokataa kuwaka asubuhi. Ukiishalazimisha ikawaka na kupata moto, inapanda kutoka stesheni mpaka mtaa wa Mwanga bila manung'uniko. Kijana mmoja alikuja na mashine ya kusomea hitilafu, hakuona tundu la kuichomeka, akasema kontroli boksi imekufa. Tundu lile lilianza kuwa lazima kwenye magari ya Marekani mwaka 1996. Gari la Kijapani la kabla ya hapo lina njia yake. Chini ya boneti kuna kiboksi chenye maandishi DIAGNOSTIC. Ndani yake, TE1 na E1 zinaunganishwa kwa kipande cha waya, unawasha ufunguo bila stata, na taa ya injini kwenye dashibodi inahesabu kwa kuwaka na kuzima. Ikimeta haraka bila kusita, hakuna kosa lililoandikwa. Mbili, kimya, mbili ni 22: sensa ya joto la maji. 31 ni ya upepo unaoingia, 41 ni ya trotoo, 21 ni ya oksijeni kwenye eksozi.

Tuliunganisha, taa haikuwaka kabisa. Hata kwa ufunguo peke yake haikuwaka, na hapo inatakiwa iwake. "Shemeji," nikamwambia, "kabla ya yote tufungue dashibodi." Balbu ilikuwa nzima, imefunikwa kwa utepe mweusi, kazi safi kabisa. Aliyeliuza gari alijua anachokificha. Utepe ulipotoka tukasoma 22. Sensa ile ikipotea, kontroli boksi inajifanya maji yana nyuzi 80, kwa hiyo asubuhi inanyima injini baridi petroli inayoitaka. Mchana ikishapata moto, uongo na ukweli vinakutana, gari linatembea vizuri. Sensa nzima husoma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) kati ya 2000 na 3000 kwenye nyuzi 20, na hushuka mpaka 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Yake ilikuwa nzima, waya ndio uliokatika nyuma ya soketi, ndani ya ngozi yake, usioonekana mpaka uuvute. Baada ya kuunga, tulichomoa fyuzi ya EFI (ya mfumo wa kupuliza petroli) kwa muda ili kosa lifutike, tukarudisha. Kesho yake aliwasha kwa mguso mmoja, na dada akanicheka kwamba nimekuja likizo kufanya kazi ya shemeji.

Moshi nauzungumza kwa kifupi. Wa buluu asubuhi tu kisha ukaisha, sili za valvu. Wa buluu kila unapokanyaga, ringi, na hapo anza kuweka akiba. Mweusi, petroli imezidi. Mweupe mzito wenye harufu tamu na rejeta inapungua, rudi kule kwenye gasketi.

Kwa mafundi nina swali moja siku hizi, nalo limenibadilishia mazungumzo. Akiniambia kitu kimekufa, namuuliza amekipimaje. Wapo wanaoudhika, wakaniambia nimlete mzee wa nyumbani waongee naye. Hao nawashukuru, naondoka. Wapo wanaonyamaza kidogo, wakachukua testa, wakarudi kwenye boneti. Na yupo mmoja wa Kanyenye ambaye sasa kabla sijafungua mdomo ananionyesha namba kwenye mita. Huyo nikimpelekea gari naliacha na ufunguo.

Corolla bado ina deni. Oringi, pete ya mpira, ya distribyuta inavuja, inadondosha oili kidogo juu ya gia boksi. Nimeiagiza Dar, itakuja kwa basi. Ikifika nitatia alama kwa bisibisi mahali distribyuta ilipokaa kabla ya kulegeza bolti, isije ikarudi imepinduka taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, ikahama, kisha tutaweka daraja TE1 na E1 na kuipima kwa taa ya taimingi, iangukie nyuzi 10 za mzunguko wa injini. Mpaka hapo nachungulia kijiti cha oili kila Jumamosi kabla ya kupakia ndoo.